Mjadala: Shangazi tunamfungia mlango, tajiri tunamwachia wazi

Assalaam alaykum jamaa. Hoja naileta barazani, mwenye la kusema aseme. Anayefanyia kazi nyumbani, mpaka auweke wapi? Na sheria yetu ya Zanzibar iingie kati, au kila mtu apatane na tajiri wake, yaani mwajiri wake?

Nasaha zote ninazozisoma ni zile zile: tenga chumba, funga mlango, waambie watu wa nyumbani wasikusumbue. Chumba kipi? Nyumba yetu ya Jang'ombe ina vyumba vitatu na ukumbi, na tumo watu tisa. Ofisi yangu ni meza ya cherehani ya marehemu bibi, ubavuni mwa kitanda. Hapo ndipo ninapopokea wageni wa nyumba za kukodi za Paje: najibu ujumbe, natafuta teksi, nambembeleza aliyefungua bomba asipate maji ya moto.

Nasaha nilizifuata. Siku moja mchana nimo kwenye kikao cha video, mama kaenda sokoni, watoto wako skuli, shangazi akaja kutoka Makunduchi. "Hodi!" Nikanyamaza. "Hodi wenyewe!" Nikaigeuza kompyuta, nikalipa dirisha mgongo. Akabisha mara ya tatu, kisha nikasikia anakaa barazani. Kikao kilichukua dakika arubaini. Nilipotoka kashaondoka. Kaacha kikapu cha ukili, ndani mna ndizi mbivu na kidumu cha mafuta ya nazi, juu kafunika kipande cha kanga visiingie vumbi. Jirani ndiye aliyenambia: alikuja kunipa habari kwamba ami kalazwa.

Usiku wa siku hiyo hiyo, saa saba, simu ikalia. Tajiri. Mgeni katua uwanja wa ndege, dereva hamwoni. Nilipokea haujaisha mlio wa kwanza.

Sasa mtu asinambie mipaka ni mambo ya Kizungu. Nyumba ya Kiswahili imejengwa kwa mipaka: baraza ya mpita njia, ukumbi wa mgeni, uwani pa wenyewe. Mjini Mkongwe unakutana na daka kwanza, pale pa kuingilia mlangoni, kabla hujafika ndani. Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28, zinatukataza kuingia nyumba za watu bila ya ruhusa na salamu, na anayeambiwa arudi, arudi. Aya ya 58 inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumba wanatakiwa wabishe: kabla ya alfajiri, mchana watu wanapovua nguo wapumzike, na baada ya isha. Shangazi alibisha, akangoja, akarudi. Asiyebisha ni tajiri. Yeye anaingia mpaka kitandani, na ni baada ya isha.

Wenzetu wameshaanza. Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni za watu 50 na zaidi zinatakiwa zijadiliane na wafanyakazi wao juu ya haki ya kuacha simu na barua za kazi baada ya saa. Ureno mwaka 2021 walikwenda mbele zaidi: anayekatazwa ni mwajiri, asimtafute mtu katika muda wake wa mapumziko ila kwa dharura, na gharama zinazozidi kwa kufanyia kazi nyumbani ni juu yake. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Sisi tuna Sheria yetu ya Ajira, Na. 11 ya 2005, ya enzi ambayo kazi ilikuwa ukiondoka, umeiacha. Baraza la Wawakilishi linaweza kutia vifungu vya namna ile ya Ureno bila ya kuingoja Dodoma. Mimi nasema litie. Nyie je?

Kijana wa Fumba

Dada, maneno yako matamu lakini yatatutia njaa. Mie nahudumia wateja wa Marekani. Saa tatu ya asubuhi ya New York ni saa kumi jioni yetu, na wao wakirudisha saa nyuma msimu wa baridi, inakuwa saa kumi na moja. Nikitimiza saa zangu nane, huku ni saa sita au saa saba ya usiku. Hiyo "baada ya isha" yako ndiyo ninapochemka. Tangu 2022 serikali inawaita watu wa teknolojia waje huku kwetu. Tukianza kuwatisha kwa kesi, kuhama kwao ni kubonyeza tu, hawana hata kabati la kubeba.

Mpaka wangu mie uko asubuhi. Nalala mpaka saa nne, mama mkwe anawaambia watu binti yake kaolewa na mvivu. Namwacha aseme. Maghribi natoka dakika kumi, na nazipata kwa sababu nilizitaja siku ya kwanza, kabla sijatia saini. Wengi wetu siku ya kwanza tunaitikia kila kitu, mwaka wa pili tunakuja kulia hapa.

Mwenye nyumba za wageni, Nungwi

Mgeni aliyekwama uwanjani usiku na mtoto mchanga hajui isha wala alfajiri. Kazi ya wageni uliitaka mwenyewe. Ungelikuwa mapokezi hotelini, ungelala?

Mleta hoja

Bwana, mtu wa mapokezi usiku yuko zamu. Asubuhi anakwenda zake kulala, anaingia mwengine. Mimi saa mbili ya asubuhi inanikuta pale pale kwenye cherehani. Na ndege ile ilijulikana wiki mbili nyuma kwamba inatua usiku. Hiyo si dharura, hiyo ni ratiba.

Mwalimu, Mwanakwerekwe

Hamjagusa tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Feni, taa na kompyuta kutwa nzima, yuniti ananunua nani? Bando ananunua nani? Na umeme ukikatika saa nne mpaka saa nane, tajiri anahesabu kuwa ulipumzika, anataka saa zake uzilipe usiku. Hayo nayaona kwa mume wangu. Jengine nalo: mume wangu akikaa mbele ya kompyuta, nyumba nzima inaambiwa baba yuko kazini, msipige kelele. Wifi yangu ana kazi kama ile ile, na anaachiwa watoto wa ndugu watatu kwa sababu "si yupo nyumbani tu".

Bi mkubwa wa Wete

Wanangu, mnazungumza kama kwamba kazi ya nyumbani imeletwa na kompyuta. Mimi nashona kofia za mkono tangu sijaolewa. Kofia ya viua, ile ya vitundu vitundu, nikishona kwa nafasi yangu, miezi miwili. Tajiri anaitaka kabla ya Sikukuu, basi nashona usiku, na umeme ukiondoka mjukuu ananishikia tochi ya simu mpaka anasinzia, mwanga unateremka ukutani nami sindano imebaki hewani. Kosa tundu moja, fumua safu nzima. Miaka yote hiyo hapana aliyewahi kuniuliza saa zangu za kazi ni zipi.

Sasa hiyo sheria yenu mkiitunga, itanifika mie? Au ni ya wenye mikataba? Mie nalipwa kwa kofia, silipwi kwa saa.

Na wewe mwanangu wa Jang'ombe, la shangazi yako limenikera. Ungemfungulia, ukamkalisha kitandani nyuma ya kompyuta, angekaa kimya. Sisi tunajua kunyamaza. Hata "karibu, nina shughuli kidogo" hukumpa.

Mleta hoja

Bi mkubwa, shikamoo. Hilo la mwisho nimelipokea, sina la kujitetea.

La sheria, swali lako limenipa kazi, maana mwenyewe nilikuwa nawafikiria wenye mishahara tu. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba Na. 177 wa mwaka 1996, wa wanaofanyia kazi majumbani mwao. Huo unakuhesabu wewe ni mfanyakazi madhali kofia unashona kama alivyoagiza tajiri, hata ikiwa sindano na uzi ni vyako. Nchi zilizouridhia ni chache sana. Kwa hiyo nairekebisha hoja yangu: kifungu kikija, kianze na washona kofia na wasuka ukili, kisha ndio kije kwetu wa kompyuta. Wa Fumba atakuwa wa mwisho, na naona mwenyewe hana haraka. Ila hata yeye, saa zake nane zikishatimia, tajiri wa New York asimuamshe saa mbili ya asubuhi.

Tajiri wangu nimemwandikia juzi: orodha ya ndege za usiku niipate kila Jumamosi, na nikishika usiku, asubuhi silipo. Kajibu saa tano usiku, "Tutaongea." Nikaiona, nikaigeuza simu kifudifudi. Usingizi lakini haukuja upesi.

Ijumaa nilikwenda Makunduchi. Ami katoka hospitali, anakula vizuri. Shangazi kanipokea kama kwamba hapakuwa na lolote, kanipa uji, kaniuliza habari za kazi. Nilipoaga ndipo akaniuliza kikapu chake kiko wapi. Nilikisahau juu ya meza ya cherehani.