Povu la krimu ya kunyolea huwa jepesi na kukauka haraka

Swali: Ndugu zangu, ninatumia krimu ya kunyolea pamoja na brashi, lakini povu hujaa mapovu makubwa na hukauka usoni kabla sijamaliza shavu la kwanza. Je, niongeze krimu au maji?

Jibu: Mapovu makubwa huonyesha kwamba maji na hewa vimezidi krimu. Kung'uta brashi vizuri, weka krimu isiyozidi nusu kijiko cha chai bakulini, kisha izungushe bila kukandamiza mpaka upate ute mzito. Baada ya hapo ongeza maji matone machache kwa wakati mmoja, ukiendelea kuzungusha, hadi povu ling'ae na kuwa zito kama mtindi. Wengi huacha mapema mno, povu likiwa jeupe lakini bado kavu, na povu la namna hiyo halilainishi wembe hata kidogo.

Jibu: Naafiki, ila brashi nayo ina mchango wake. Nywele za nguruwe hufyonza maji, hivyo zilowekwe kwanza kwa dakika chache, la sivyo zitanyonya maji ya povu lenyewe. Nyuzi za sintetiki hazihitaji kulowekwa.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Maji yangu ni ya chumvi; yanaathiri?

Jibu: Ndiyo, ndugu. Kalsiamu na magnesi, madini yaliyomo katika maji ya namna hiyo, huungana na sabuni iliyomo katika krimu na kufanya utando usiotoa povu. Jaribu maji ya mvua yaliyochujwa.