Tanzania tulitoka COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika) mwaka 2000, hivi hatuwezi kukaa tukaipigia hesabu upya?

Wadau habari za jioni. Nataka tulijadili hili kwa utulivu sababu kila nikilianzisha kijiweni hapa Arusha naishia kuambiwa "wewe umeshakuwa Mkenya", mjadala unakufa hapohapo, watu wanarudi kwenye kahawa.

Mimi ni wakala wa forodha, mwaka wa 14 huu nashinda njiani kati ya Namanga na Holili, mipakani na Kenya. Gari la Bongo likivuka kwenda Kenya au likishuka Zambia dereva lazima awe na ile bima ya kadi ya njano, na barabarani hakuna mtu anaiita kadi ya njano, wote wanaiita COMESA. "Una COMESA?" "Ninayo." Basi twende. Juzi nimemuuliza utingo mmoja kijana kabisa, hivi unajua sisi hatumo COMESA? Akanikatalia mpaka akanitolea karatasi kwenye bahasha anionyeshe. Na hana kosa, bima tumeibakiza, ile benki ya PTA (PTA ndo COMESA kabla haijabadili jina) ambayo siku hizi wanaiita TDB bado tuna hisa zetu mle, ila uanachama wenyewe tuliuacha. Taarifa ya kujitoa ilipelekwa 1999 wakati wa Mzee Mkapa, na Septemba 2000 tukawa nje rasmi.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za kueleweka, nisiwadanganye. Michango ya jumuiya nyingi ilikuwa mzigo, mapato ya forodha yangeshuka, viwanda vyetu ndo kwanza vilikuwa vinatoka kwenye ubinafsishaji vinachechemea, na tayari tulikuwa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Ila angalieni tarehe. Tumetoka Septemba, tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo COMESA wakafungua eneo huru la biashara kwa nchi 9, Kenya ikiwemo, Misri ikiwemo, Zambia na Malawi zikiwemo. Yani tulikaa tangu enzi za PTA tukilipa ada, tukaondoka wiki chache kabla chakula hakijapakuliwa.

Sasa nieleze kinachotokea Namanga maana hapa ndo kwenye shida na watu wa mjini hawapaoni. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) toka 2005 tuna umoja wa forodha, maana yake mzigo kutoka nje ya jumuiya unatakiwa ulipe ushuru uleule iwe umeshukia Dar au Mombasa, 0, 10, 25, na toka Julai 2022 kuna 35 kwa mia. Hiyo ni kwenye karatasi. Lakini Kenya yumo COMESA, kwahiyo mzigo wa Misri wenye cheti cha COMESA, kinachoonyesha umetoka nchi mwanachama, unashuka Mombasa bila kulipa, mzigo huohuo ukija Namanga kwetu ni wa kigeni unatakiwa ulipe kamili. Kwahiyo afisa wetu pale hawezi kuamini kwa macho, lazima aulize kila boksi limezaliwa wapi. Cheti cha uasili, invoisi, kiwanda, mashaka, simu Dar, gari limelala. Na Mkenya ambaye mzigo wake ni wa kwake kweli kabisa naye analala kwa ajili ya yule wa Misri. Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia nao wote wamo COMESA. Ukiondoa Sudan Kusini, ndani ya jumuiya hii tuliyoibeba sisi na makao makuu yake tumeyaweka hapa mjini, aliye nje ni sisi peke yetu. Tunajenga ukuta katikati ya nyumba yetu wenyewe halafu tunalalamika foleni.

Upande wa kuuza ndo unaniuma zaidi. Chai ya Kenya inaingia Misri kwa cheti cha COMESA na Misri ni kati ya wanunuzi wao wakubwa. Chai yetu haina hicho cheti. Miaka kadhaa nyuma mteja wangu mmoja wa Moshi alipata mnunuzi Cairo wa maharage, sampo imependwa, bei imekubalika, tukafika kwenye makaratasi yule bwana akaandika neno moja tu, nitumie cheti cha COMESA. Tukamjibu hatuna. Hakurudi tena, tukasikia kachukua kwa mtu wa Nairobi. Yule mama alikuwa ameshakodi godauni. Mimi ndo nilimpigia simu kumwambia, na mpaka leo nikipita pale Mbuyuni sokoni nikimwona natamani ningekuwa na jibu la kumpa.

Msimamo wangu ni kwamba turudi, kwa masharti, na kabla ya kurudi wizara iweke hesabu mezani mbele ya bunge tuone tumepata nini na tumepoteza nini miaka yote hii. Karibuni mnipinge.

*

Nimesoma michango yote tangu jana usiku, nijibu mizito.

Mkuu mmoja kasema tuna EAC, tuna SADC, mkataba wa soko huru la Afrika nzima tumeridhia Januari 2022, na ule wa utatu wa COMESA, EAC na SADC umeanza nguvu tarehe 25 Julai 2024, sasa COMESA ya nini tena si kulipa ada mara tatu? Hii ndo hoja nzito kuliko zote humu na nakiri imenipunguza kasi. Ni kweli, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tunakutana nao EAC, Zambia, Malawi, Zimbabwe, Mauritius na Madagaska tunakutana nao SADC. Ukitoa hao wote faida mpya inabaki kwa Misri, Sudan, Tunisia na majirani zao huko juu, Ethiopia siihesabu sana maana wenyewe wamekuwa wazito kufungua mlango. Kwahiyo sawa mkuu, kwa sehemu kubwa swali ni la Misri. Lakini Misri ni watu zaidi ya milioni 100, si kitu kidogo. Na huo mkataba wa utatu ulisainiwa Sharm El Sheikh Juni 2015, umekuja kuanza baada ya miaka 9. Miaka 9 ya mwenye maharage ni misimu mingapi? Halafu suala la Namanga halitatuliwi na saini, linatatulika siku mzigo wa Misri utakapotendewa sawa pande zote mbili za geti. Iwe ni kwa njia ya utatu, iwe kwa njia ya COMESA, mimi sigombanii jina. Ila COMESA inafanya kazi leo, vyeti vinagongwa leo.

Kuna aliyesema sheria hairuhusu nchi kuwa kwenye umoja wa forodha miwili. Ni kweli. Ila umoja wa forodha wa COMESA ulizinduliwa 2009 na mpaka sasa haujafanya kazi, na wa SADC uliokuwa uwe tayari 2010 haujaonekana. Tuliogopa kugongana na magari ambayo hayajawahi kutoka gereji.

Dada wa Chekereni, mchango wako nimeusoma mara tatu. Umesema nyie wa mpunga Lower Moshi mkifunguliwa mlango mnakufa, na watu wa TPC na sukari yao hivyohivyo, na kwamba mimi nakula kwenye makaratasi siyo shambani ndo maana naongea kirahisi. La mwisho nalikubali. Kwenye mchele, EAC tunao kwenye orodha ya bidhaa nyeti, ushuru wake ni 75 kwa mia, na hiyo ndo iwe sharti la kwanza la kurudi, usiguswe. Kwenye sukari mwangalie Kenya mwenyewe, yumo COMESA siku zote hizo lakini aliomba kinga ya sukari na akaongezewa na kuongezewa kwa zaidi ya miaka 20. Ndani ya mkataba kuna mlango wa kuomba kinga, ila anaomba aliye ndani. Tungekuwa tumekaa tungeomba na sisi.

Ila uliposema kuwa pamoja hakumlindi mkulima hapo sina ubishi. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu, na tupo EAC moja. Aprili 2025 tukafunga mlango kwa mazao ya Malawi na Afrika Kusini baada ya wao kuzuia ya kwetu, ndizi zetu zilikuwa hazipokelewi Afrika Kusini, na wote ni SADC. Na sisi wenyewe 2017 tulichoma moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya palepale Namanga. Siwezi kukuambia COMESA wangezuia hilo. Nachosema ni kwamba aliye nje hana hata pa kupeleka malalamiko.

Aliyeandika "hata Uingereza walitoka Ulaya na wanaishi", ndio wanaishi, ila walitoka Januari 2020 na 2024 wakaingia tena kwenye mfuko wa utafiti wa Ulaya kwa kulipia. Wao pia wameanza kuhesabu kipi warudie, na sisi ndo nachoomba.

Nimemwacha mwisho mzee wetu aliyesema nchi ikishatoka imetoka, kurudi ni kujidhalilisha. Shikamoo mzee. Mimi kwetu ni Himo na shangazi yangu aliolewa Taveta. Februari 1977 jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika na mpaka ukafungwa alikuwa upande wa kule na mtoto mchanga, babu alikuwa upande wa huku. Hapo ni mwendo wa mguu tu mzee, unapajua. Babu akafariki kabla mpaka haujafunguliwa, shangazi akapita porini usiku na mume wake, wakafika tumeshazika. Geti likafunguliwa Novemba 1983, mwaka 1984 hapahapa Arusha wakasaini kugawana mali za jumuiya iliyokufa, halafu tarehe 30 Novemba 1999 hapahapa Arusha Mkapa, Moi na Museveni wakasaini mkataba mpya wa jumuiya. Mwaka uleule tuliopeleka barua ya kutoka COMESA. Siku geti lilipofunguliwa shangazi alikuja na yule mtoto, ana miaka 7 kasoro, ndo mara ya kwanza bibi anamshika. Sijawahi kusikia kwetu mtu akisema alijidhalilisha.

Kesho alfajiri nina gari mbili Holili, nitawasoma nikirudi jioni.