Disney ya 2019: niwaonyeshe watoto wa mtaa ipi ukutani?

mkunguni_boy
Assalam aleikum jamaa. Iko hivi. Binamu yangu karudi toka Dubai na boksi la DVD, orijino zote, kufungua naona karibu boksi zima ni Disney ya mwaka 2019, ule mwaka waliofagia kila kitu. Projekta nshaazima, shuka jeupe lipo, ukuta wa nyumba ya nyanya huku Langoni, Amu (Lamu), hauna dirisha hata moja, na sasa chuo kimefungwa kwa hivyo kuna watoto kama thalathini wa miaka sita mpaka kumi na tatu ambao kila jioni wanipigia mpira mlangoni. Nataka kuwawekea filamu Alhamisi na Ijumaa baada ya Isha. Bure, kila mtu aje na mkeka wake.

Nilizonazo: Captain Marvel, Dumbo, Avengers Endgame, Aladdin, Toy Story 4, Lion King (ile mpya), Frozen 2 na Star Wars The Rise of Skywalker. Maleficent ya pili iko pia lakini imekwaruzwa, ikifika dakika ya kumi yaganda. Mimi akili yangu ilikuwa nianze na Endgame kwa sababu ndiyo ilouza kushinda zote, si ndio? Nipeni maoni kabla sijaaibika mbele ya mtaa.

maweni_mwisho
Waleikum salaam. Bro, Endgame ni dakika 181. Masaa matatu na moja juu. Ukianza saa mbili na nusu waisha saa tano na nusu usiku na mama zao watakujia na upawa mkononi. Halafu ile si filamu ya kusimama yenyewe, ni ya ishirini na mbili kwenye msururu ulioanza na Iron Man 2008, kama hukuona Infinity War ya mwaka wa nyuma yake hata hujui watu wanaomboleza nini pale mwanzo. Mimi niliifuata mpaka Nyali toka hapa Malindi, nauli ya matatu kwenda na kurudi, nikamchukua mke wangu ambaye hakuwa ameona hata moja ya zile za nyuma. Nusu saa ya kwanza ni "huyu nani, na huyu je, mbona huyu wa buluu", nusu saa ya pili kalala na bisi mapajani. Mpaka leo nikimwambia twende sinema ananiangalia tu.

Kwenye pesa uko sawa lakini. Ilipata dola bilioni 2.79 na mwezi wa saba 2019 ikaipiku Avatar, halafu 2021 Avatar ikaonyeshwa tena China ikarudi kwa kiti chake. Kichekesho ni kwamba Avatar ilikuwa ya Fox na hao Fox Disney walishawanunua Machi 2019 kwa dola bilioni 71 na ushee, kwa hivyo anayenyang'anya na anayenyang'anywa ni yuleyule, pesa inatoka mfuko wa kanzu kuingia mfuko wa koti.

bi_chekechea
Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo huku Shela (ya Amu, si ya Malindi, msinichanganye) na nakwambia usichague kwa pesa. Mwaka ule filamu saba za Disney zilivuka dola bilioni moja kila moja, SABA, kwa hivyo pesa haikusaidii kuchagua, zote ni matajiri. Wewe angalia mtoto wa miaka sita anaweza kukaa kitako kwa muda gani. Kwangu mimi ni dakika arubaini halafu anataka maji, akishapata maji anataka kukojoa.

Kwa hivyo Toy Story 4. Dakika 100 tu. Na najua mtasema ni ya nne hawajaona tatu za nyuma, lakini haina shida kama Endgame, mtoto akishajua vinyago viko hai watu wakiondoka basi kashaingia. Lakini sababu yangu kubwa ni yule Forky. Kuna kitoto cha kike kinaitwa Bonnie kiko siku ya kwanza shule, kinaogopa, kinachukua kijiko cha plastiki kile chenye meno ya uma kilichotolewa kwenye pipa la taka, kinakibandika macho na mikono ya waya, ndio kinyago chake kipenzi. Na kile kijiko chenyewe kila saa kinakimbilia pipani, kinasema mimi ni taka mimi si kinyago. Sasa niambieni mtoto gani wa Amu haelewi hiyo. Nenda ufukweni maji yakitoka uone wanachochezea: mashua ya ndara iliyokatika, tanga la karatasi ya nailoni, usukani wa kifuniko cha soda. Tena mwaka huohuo wa 2019, Januari, ndio ile dau iliyoundwa hapahapa kwetu kwa plastiki na ndara za kuokota, Flipflopi, ilisafiri mpaka Unguja. Taka imekwenda kilomita mia tano na tanga juu! Waonyeshe Forky kisha waulize nani amewahi kuunda kitu kwa takataka, uone mikono.

Na ilichukua Oscar ya katuni, kama hilo lina maana kwa mtu.

simba_wa_gede
Mnazungukazunguka nini na iko Lion King hapo?? Ndiyo yetu hiyo. Mtoto wa Langoni hahitaji tafsiri: Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Pumbaa ndio kupumbaa kwenyewe, Shenzi jina limejitosheleza, na mamake Simba ni Sarabi, lile linalokudanganya ni maji jangwani. Wazungu wanaangalia filamu nzima hawajui wametukanwa fisi. Na sauti ya huyo Shenzi kwa hii mpya ni Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, jirani kabisa. Ilifanya bilioni 1.6 na zaidi. Kesi imefungwa.

bi_chekechea
Kesi haijafungwa kaka. Umeiona lakini? Ile ya 1994 iliyochorwa simba anacheka unaona anacheka, analia unaona analia. Hii ya 2019 wamewatengeneza kwa kompyuta wawe kama wanyama wa kweli kabisa, shoti moja tu ndiyo ilipigwa na kamera ya kweli, ile ya jua kuchomoza mwanzo, mengine yote kompyuta. Kazi ya ajabu sikatai, manyoya unayahesabu. Lakini simba wa kweli hana uso wa kulia. Mufasa anakufa na mtoto wake ana sura ya paka aliyenyimwa papa. Wangu nyumbani waliuliza hii ni ile ya wanyama ya NatGeo?

simba_wa_gede
🤣🤣 paka aliyenyimwa papa. Haya. Lakini Mufasa ni James Earl Jones yuleyule wa 1994, hilo utalisemaje

bi_chekechea
Hilo nakupa.

dj_mokowe
Mimi niulize kitu kidogo nje ya mada, ile hakuna matata ya Lion King si Disney waliisajili kama alama yao ya biashara kule Marekani? Watu walipiga kelele sana 2018. Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wanaimba hakuna matata toka 1982, miaka kumi na mbili kabla ya katuni. Nikikumbuka hiyo nashindwa kuifurahia hiyo filamu, samahani. Mtu akivaa fulana ya hayo maneno pale jeti nageuka nyuma.

Turudi kwa projekta. Boy, ukiamua Endgame au hata Captain Marvel, mimi naweza kuja na maikrofoni niwatafsirie laivu, kama anavyofanya DJ Afro ila kwa Kiamu. Wataelewa kila kitu na vichekesho juu.

ami_kizingitini
Wanangu, mimi si mtu wa filamu sana lakini wajukuu wangu yeo wanitoa mato na hizi. Nawauliza, mbona hamuitaji Aladini? Hiyo ni hadithi twalikulia nayo, Alfu Lela u Lela, nyanya yangu akitupa hata taa haina mafuta. Hii ya juzi mwenye kucheza jini ni Will Smith, na kijana mwenyewe ni mzaliwa wa Cairo, na jangwa ni la Jordan kweli. Mji wao, Agraba, ni vichochoro vitupu na masoko na mtu kukimbia juu ya dari za watu, mjukuu wangu kaniuliza babu hapa si mtaa wa Mkomani? Nguo zao ndizo sikuzielewa, nusu Bara Hindi nusu Arabuni nusu sijui wapi.

Na mwisho yule binti, Jasmini, ndiye apewaye usultani. Katika ile ya zamani haikuwa hivyo, aliruhusiwa tu kuolewa na amtakaye basi. Nikasikia vijana wasema ooh Disney wametia mambo ya kisasa. Ya kisasa yapi? Pate hapo ng'ambo ilitawaliwa na Mwana Khadija karne ya 18, hata Marekani yenyewe haijazaliwa. Waonyesheni watoto, kisha kuna mtu mzima wa kuwapa hadithi ya kwetu.

maweni_mwisho
Shikamoo Ami. Hapo umetumaliza.

simba_wa_gede
Ami nakubali Aladini ila dakika 128 na nusu yake ni kuimba na kudansi kama filamu ya Kihindi

ami_kizingitini
Kwani tangu lini watu wa Amu wamechoka na filamu ya Kihindi?

paka_wa_fort
Hakuna aliyesema Captain Marvel mpaka sasa na mnajiita watu wa Amu. Kuna PAKA. Anaitwa Goose, mwekundu, mnono, mtu akimuudhi anafungua mdomo yanatoka manyuzi kama ya pweza anammeza mtu mzima mzima. Mji wetu una paka kuliko watu halafu mnataka kuwaonyesha watoto theluji ya Frozen. Barafu wanayoijua wao ni ile ya kwenye boksi la samaki.

bi_chekechea
Usiidharau Frozen 2. Kuna farasi wa maji anapigana na Elsa katikati ya mawimbi, ile sehemu peke yake watoto wa pwani watasimama, wanajua bahari ikichafuka inakuaje. Dakika 103. Hadithi ndiyo imejipindapinda, mara ukungu mara bwawa mara babu alifanya nini, mimi mwenyewe niliangalia mara mbili ndio nikaelewa nani kamkosea nani. Na bado ikauza bilioni 1.4 kushinda ile ya kwanza. Nimeshawaambia kuhusu pesa.

dj_mokowe
Star Wars tuiache. Ni ya tisa kwenye hesabu yao na inamaliza mambo ya tangu 1977. Kizuri pekee naweza kuwaambia watoto ni kwamba Maz Kanata, kale kabibi kenye mimacho, sauti ni ya Lupita wetu.

maweni_mwisho
Kwa Star Wars kitu cha mwaka ule kilikuwa Mandalorian, si hiyo. Ilitoka Novemba 12 siku ileile walipofungua Disney+, vipande vinane, vingine nusu saa vingine zaidi kidogo, jamaa mmoja hatoi kofia ya chuma anazunguka na katoto ka kijani. Haina maneno mengi, ngumi na safari tu kama zile za kauboi, hata bila tafsiri inaeleweka. Aliyeianzisha ni Jon Favreau yuleyule aliyeongoza Lion King ya mwaka ule, sijui alilala saa ngapi. Ila Disney+ yenyewe waliifungulia Marekani, Kanada na Uholanzi, sisi tukabaki kusoma vichekesho vya yule mtoto wa kijani kwenye simu bila kujua anatoka wapi. Kwa kipande kifupi kama hicho hata jenereta ndogo yatosha.

mama_descendants
Mabinti zangu walichokijua cha Disney mwaka ule ni Descendants 3 tu, kwa tivii. Walilia wiki nzima kwa sababu yule kijana Cameron Boyce alifariki mwezi wa saba kabla haijatoka. Hizo za bilioni wala hawakuuliza.

mkunguni_boy
Ahsanteni sana. Nimesoma zote. Endgame nimeifungia kabatini. Dumbo hakuna hata mmoja aliyeitetea, maskini ndovu wa watu, nami nlikuwa namhurumia. Uamuzi: Alhamisi Toy Story 4, Ijumaa Aladdin na Ami akipenda aje atoe hadithi ya Mwana Khadija kabla hatujawasha. DJ njoo na maikrofoni lakini usiwe na maneno mengi.

ami_kizingitini
Ntakuja na mashua ya alasiri inshallah.

dj_mokowe
Maneno mengi ndiyo kazi yangu.

paka_wa_fort
Na paka je

mkunguni_boy
Riporti ya Alhamisi kama mlivyoniomba. Watoto hawakuwa thalathini, walikuja hamsini na kitu na mama zao na kina nyanya na mzee mmoja wa kahawa ambaye aliuza birika zima. Dakika kumi za kwanza kelele tupu, hata DJ hasikiki. Kisha Forky akajitupa pipani mara ya kwanza, kicheko, akajitupa tena, mara ya tatu watoto wenyewe wakawa wanampigia makelele "wewe si taka! wewe si taka!" mpaka jirani akafungua dirisha kuuliza nani katukanwa. Katikati ya hapo punda wa watu, sijui kafunguliwa na nani, akapita mbele ya projekta taratibu, akasimama, akajiangalia kivuli chake kwenye shuka na Woody, yule kinyago cha kauboi, yuko mgongoni mwake kabisa. Hiyo ndiyo iliyopigiwa makofi kuliko yote, nadhani wengine walidhani ni sehemu ya filamu.

Halafu ikiwa imebaki kama robo saa umeme ukakatika. Tumengoja mpaka saa nne unusu, wapi. Sasa tangu Alfajiri nafuatwa mpaka mlango wa msikiti, wataka kujua Woody aliondoka na Bonnie au alibaki na yule msichana wa kauri, na Ijumaa ndio yeo. Maweni ulisema habari ya jenereta ndogo, iko kweli au ni maneno? Mwenye nayo Amu au Mokowe aniambie kabla ya saa kumi, petroli natia mimi.