IST inagonga asubuhi na inabugia mafuta: nibadili sensa au nianzie kwenye ekzosi?

Kijana wa Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ. Asubuhi nikiwasha inapiga tak-tak-tak, ikipata moto inatulia. Ilikuwa inanipa kilometa 13 kwa lita, sasa haifiki 10, na mlimani inavuta kwa shida. Taa ya injini imewaka, mashine ya kupimia imeleta kodi ya hitilafu P0171, yaani petroli ni kidogo kuliko hewa. Fundi anataka ninunue sensa ya oksijeni. Mwenzake anasema ekzosi inavuja, ila haihusiani na mafuta. Nimsikilize nani?

Mzee wa Spana: Hela ya sensa iweke kwanza. Mlio unaopotea injini ikipata moto, mara nyingi ni manifoldi ya ekzosi (bomba la kwanza linalopokea moshi wa injini) au gasketi yake; chuma kikitanuka kinaziba upenyo. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo upenyo huo unafyonza hewa ya nje. Sensa inakuta oksijeni nyingi, kontrol boksi (kompyuta ya injini) inadhani petroli haitoshi, inamwaga zaidi. Sensa inaweza kuwa nzima kabisa.

Mama Wawili: Mbona yangu ilitoboka ikawa inanguruma kama bodaboda, lakini mafuta hayakubadilika?

Mzee wa Spana: Ilitoboka huko nyuma, baada ya masega (kisafisha moshi), sio? Hapo ni kelele tu, sensa inayopima mchanganyiko wa hewa na petroli iko mbele ya masega.

Dereva Mstaafu: Msimtie moyo sana. P0171 inaletwa pia na mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya kupima hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Injini ikiwa baridi, apulize hewa kwenye bomba la nyuma, apake maji ya sabuni kwenye maungio. Pakitoa povu, ndipo.

Mama Wawili: Na usitembee vioo vimefungwa! Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina rangi wala harufu. Kichwa kikianza kuuma, simama, shuka.

Kijana wa Mbagala: Nimemulika tochi. Manifoldi inapokutana na silinda hedi (kichwa cha injini) kuna masizi meusi. Tuchomelee?

Mzee wa Spana: Kama ni kwenye maungio, hapachomelewi. Weka gasketi mpya, na manifoldi ipimwe kwa rula iliyonyooka. Ikiwa imepinda, ikasawazishwe karakana. Silikoni fundi asiguse. Akimaliza afute hiyo kodi ya P0171, kisha pima mafuta upya.

Kijana wa Mbagala: Jumamosi namfuata fundi. Nitaleta mrejesho.