Usiku mmoja, drama tatu: Conclave, The Brutalist au I'm Still Here?

PaziaJekundu: Habari zenu wapenzi wa filamu. Jumamosi nina usiku mmoja tu wa kutulia, na zimenibakia drama tatu za 2024: Conclave, The Brutalist na I'm Still Here. Nilinganishieni. Habari za tuzo ninazo, ninachotaka kujua ni ipi nitaamka nayo kichwani kesho yake. Mwisho msinimwagie, tafadhali.

Kiti_cha_Nyuma: Conclave! Ina urefu wa saa mbili, na hakuna dakika ya kupoteza. Makardinali wamefungiwa ndani kumchagua papa mpya, na kura zikianza kuhesabiwa unajikuta umebana pumzi. Ralph Fiennes ndiye msimamizi wa uchaguzi, na imani yake mwenyewe inayumba. Hakuambii hivyo, unamsoma usoni.

Bi_Tafakuri: Kwa uigizaji nakubali. Lakini Conclave kwangu ni kisa cha taharuki kilichovikwa joho. Siri ya mgombea mmoja inafichuka, anaanguka, anafuata mwingine. Nilifurahi sana wakati naitazama, ila kesho yake nilikumbuka rangi nyekundu ya mavazi na Isabella Rossellini, ambaye husema machache na kuona mengi. Basi.

Mhakiki_Mkongwe: Nimeandika uhakiki wa filamu kwa miaka mingi, na drama naipima kwa kile inachokataa kunisemea. Kwa kipimo hicho I'm Still Here ya Walter Salles inazishinda hizo mbili.

Angalia anavyoanza. Kwa muda mrefu hatuoni lolote ila nyumba moja ya Rio de Janeiro karibu na bahari: watoto watano, muziki, wageni, mlango haufungwi. Asiye na subira atauliza kisa kiko wapi. Kisa ndicho hicho. Siku wanaume wa utawala wa kijeshi wanapoingia, Januari 1971, kumchukua Rubens Paiva, baba wa nyumba ile, hawapigi kelele. Wanafunga mapazia. Giza lile linauma kwa sababu tumeshazoea mwanga wa nyumba ile.

Halafu kuna Fernanda Torres, anayeigiza Eunice, mke wa Rubens. Mpiga picha wa jarida anaitaka familia ikae kwa huzuni. Eunice anawaambia watoto watabasamu, nao wanatabasamu. Mwongozaji mwingine angeweka machozi na vinanda hapo. Salles anamwamini mwigizaji wake, na anatuamini sisi.

The Brutalist ina nusu ya kwanza ya ajabu. László Tóth, mbunifu wa majengo anayehamia Marekani, anatoka kwenye giza la meli, na Sanamu ya Uhuru inaonekana kichwa chini miguu juu. Kabla hajakanyaga Marekani tayari una wasiwasi na mapokezi yake. Ila nusu ya pili inaanza kujieleza. Yaliyokuwa yakisikika chinichini yanatamkwa kwa sauti, na mimi mtazamaji nabaki sina kazi.

Rula_na_Penseli: Mzee, hapo sikubali. Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo. Lile tukio la maktaba ambayo László anamtengenezea tajiri mmoja, rafu zinavyofunguka kwa pamoja na mwanga unavyoingia, lilinitoa machozi. Tajiri huyo anamfukuza kwa matusi, kisha jarida likisifia chumba anarudi kumtafuta kama lulu. Hayo tunayaishi. Nusu ya pili inasema kwa sauti kwa sababu kuna aibu ambazo zikinong'onwa hazisikiki.

Mhakiki_Mkongwe: Hoja ya kunong'ona naichukua, nitairudia filamu nikiwa nayo akilini. Kuhusu maktaba tuko pamoja. Na Guy Pearce kama yule tajiri sina neno: anapenda sanaa jinsi mtu anavyopenda kumiliki farasi.

Mwana_wa_Tano: Na I'm Still Here nayo isisifiwe tu. Inaporuka miaka mbele, mwishoni, kasi inapotea. Nilihisi imeaga mara mbili.

Bi_Tafakuri: Kuaga kwa pili ndiko kulikonivunja. Eunice wa uzeeni ni Fernanda Montenegro, mama mzazi wa Fernanda Torres. Hasemi kitu, macho tu. Nilinyamaza mpaka majina yakaisha kupita.

Kiti_cha_Nyuma: Mimi bado na Conclave yangu. Lakini PaziaJekundu, ukichagua The Brutalist jua ni dakika 215, na mapumziko ya dakika 15 yamo humohumo ndani.

PaziaJekundu: Asanteni mno. Jumamosi ni I'm Still Here, Kireno chake nitakisoma kwenye maandishi ya chini. The Brutalist nitaigawa siku mbili, nikatie pale kwenye mapumziko. Rula_na_Penseli, nikifika kwenye maktaba nitakuandikia hapahapa.