Naomba ushauri: Debian au FreeBSD kwa seva ya kanzidata?

Habari zenu wakuu. Nina mashine mbili zinazofanana kabisa, kila moja RAM ya GB 8, na natakiwa kuchagua mfumo endeshi wa seva ya PostgreSQL. Moja nimeiwekea Debian 12, nyingine FreeBSD 14. Usakinishaji haukunisumbua, wa FreeBSD ni maandishi matupu, ila maswali yake yako wazi na mfumo wa mafaili wa ZFS unauchagua hapo hapo.

Shida ni kasi. Nikipima kwa pgbench (programu ya kupima kasi ya PostgreSQL), kwenye kusoma ziko sako kwa bako, lakini kwenye kuandika Debian inaiacha mwenzake mbali. Nahofia naionea FreeBSD: Debian iko kwenye mfumo wa mafaili wa ext4, FreeBSD iko kwenye ZFS, na ZFS hutumia recordsize (ukubwa wa juu wa kipande cha data cha faili) ya KB 128 usipoigusa, na ukurasa wa PostgreSQL ni KB 8 tu. Nimeshaibana ARC (sehemu ya RAM ambamo ZFS huhifadhi data inayosomwa mara kwa mara) isizidi GB 2, sikuona nafuu ya maana.

Je, nishushe recordsize hadi KB 8 au 16? Najua hugusa mafaili mapya tu, hivyo itabidi niirejeshe data yote upya. Na ili kipimo kiwe cha haki, niweke ZFS pande zote mbili? Sitaki kuutupa mfumo mzuri kwa kosa la mpangilio wangu.

Natanguliza shukrani.