Naomba ushauri: koili ya pinboli imeungua na tamasha linakaribia

Habari wakuu. Nina mashine ya pinboli (mchezo wa kupiga mpira wa chuma usidondoke kwenye meza iliyoinama) ya Williams, wale wa Chicago waliofunga kitengo chao cha pinboli mwaka 1999 kwa sababu hakikuwa kinalipa. Flipa ya kushoto, yaani kile kijimkono cha kupigia mpira, imekufa: ukibonyeza inatikisika tu, haipigi mpira, na chini panatoa harufu ya plastiki iliyoungua.

Mwezi ujao tuna tamasha la michezo mtaani Sinza, na vijana wameshaanza kutambiana rekodi, raha tupu! Fundi mmoja wa Gerezani anadai ataisuka upya koili (waya uliozungushwa unaoisukuma flipa kwa umeme), ila hii ina nyaya mbili, nene ya kupigia na nyembamba ya kushikilia. Yeye amezoea mota za pampu. Nimpe, au niagize mpya nje? Mzigo utawahi kweli?